Kuweka Malengo ya Maendeleo ya Taaluma kwa Mtoto wa Elimu Maalumu

Utangulizi

Kila mwanachuo wa ualimu hufundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Hujifunza kwamba kila somo sharti liwe na madhumuni yanayoeleweka, na kwamba madhumuni hayo ndiyo yatakayomwezesha mwalimu kujua mwisho wa kipindi kama kazi yake imezaa matunda. Hata hivyo, mwanachuo huyo huyo anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha na kukabidhiwa darasa lenye mtoto mwenye ulemavu wa akili, asiyeona au kiziwi, aghalabu hujiuliza: mtoto huyu nimtarajie nini? Asipopata jibu, huishia kumtarajia adabu tu. Mtoto akikaa kimya, akichora, akinywa uji na kurudi nyumbani salama, siku huhesabiwa kuwa imekwenda vema.

Matokeo ya hali hiyo huonekana mwisho wa muhula. Ripoti ya mtoto huandikwa "anaendelea vizuri". Mwaka unaofuata maneno huwa yale yale, na mwaka wa tatu kadhalika. Mtoto huvuka madarasa kwa umri wake, wala si kwa alichojifunza. Na siku anapomaliza shule, mzazi hugundua kwamba kijana wake wa miaka 15 hawezi kusoma jina la kituo cha daladala wala kudai chenji yake dukani. Hasara hiyo hairudishwi kwa urahisi, kwa maana miaka ya shule ya msingi haiji mara mbili.

Katika makala haya tutaeleza namna mwalimu anavyoweza kuweka malengo ya taaluma kwa mtoto wa elimu maalumu, namna ya kuyapima, na namna ya kuamua la kufanya mtoto anapokwama. Mifano yetu tumeiweka katika mazingira ya Mchikichini, kata ya Ilala iliyopakana na Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu maisha ya mtaa huo wenye soko yanaonyesha wazi ni kwa nini kusoma na kuhesabu si pambo kwa mtoto mwenye ulemavu.

1. Jambo hili lilikotoka

Elimu ya watoto wenye ulemavu katika nchi yetu ilianza kwa shule chache za mashirika ya dini. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote uliofuata mwaka 1977, pamoja na Sheria ya Elimu ya 1978, viliweka msingi kwamba kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule lazima aandikishwe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilithibitisha haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu sawa na wengine. Tangu Januari 2016, elimu ya msingi katika shule za serikali imetolewa bila ada.

Wilayani Ilala wanachuo wanaweza kuuona utaratibu huo kwa macho yao. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko kwa miaka mingi imewapokea watoto wasioona, wenye uziwi na kutoona kwa pamoja, na wenye ulemavu wa akili, wakisoma katika eneo moja na wenzao wasio na ulemavu. Huko Buguruni ipo shule ya viziwi. Kwa hiyo swali la kwanza, yaani mtoto aingie shule au asiingie, limekwisha kujibiwa na sheria. Swali lililobaki mikononi mwa mwalimu ni la pili: akisha kuingia, anajifunza nini, na kwa kasi gani?

Swali hilo la pili limeshughulisha nchi nyingine pia. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iliagiza kwamba kila mtoto mwenye ulemavu aandikiwe mpango wake wa elimu wenye malengo ya mwaka. Ikadhihirika baadaye kwamba kuandika mpango hakutoshi. Katika shauri la Endrew F., wazazi wa mtoto mwenye usonji katika jimbo la Colorado walilalamika kwamba mipango ya mtoto wao ilirudia takriban malengo yale yale mwaka hadi mwaka. Tarehe 22 Machi 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba maendeleo kidogo tu yasiyo na uzito hayatoshi. Mpango lazima uandaliwe kwa namna inayomwezesha mtoto kupiga hatua inayolingana na hali yake, na kila mtoto apewe malengo yenye kumtaka ajitahidi.

Sisi hatufungwi na hukumu ya mahakama ya ng'ambo. Lakini hoja yake inatugusa: malengo yanayorudiwa bila kubadilika ni dalili kwamba hakuna aliyepima.

2. Kujua mtoto anapoanzia

Msafiri asiyejua alipo hawezi kukadiria safari yake. Vivyo hivyo, lengo haliwekwi kabla ya kipimo cha mwanzo. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuanza na jina la ulemavu. Mwalimu husikia kwamba mtoto ana ulemavu wa akili, akadhani amekwisha kumjua. Jina la ulemavu halisemi kama mtoto anatambua irabu, kama anahesabu hadi 10, au kama anashika kalamu. Watoto wawili wenye jina moja la ulemavu huweza kutofautiana kuliko watoto wawili wasio na ulemavu wowote.

Ili kupata kipimo cha mwanzo, yafaa mwalimu afanye mambo yafuatayo:

(a) Amtazame mtoto kwa siku kadhaa darasani na wakati wa mapumziko, na kuandika anachokifanya, si anachokidhania. "Alitoa vifuniko vitano nilipomwomba vitano" ni maandishi ya mwalimu. "Ni mzito" si maandishi ya mwalimu.

(b) Ampime katika kazi fupi inayotokana na muhtasari wenyewe wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Kipimo kirudiwe kwa siku 3 tofauti, kwani mtoto huweza kuamka vibaya siku moja. Kati ya alama hizo 3 ichukuliwe ile ya katikati.

(c) Apime mambo mawili: anachoweza peke yake, na anachoweza akisaidiwa kidogo. Lev Vygotsky, mtaalamu wa Urusi aliyefariki mwaka 1934 na aliyeshughulika sana na watoto wenye ulemavu, alifundisha kwamba nafasi iliyopo kati ya hayo mawili ndiyo shamba la mwalimu. Asichokiweza mtoto hata kwa msaada bado ni mapema. Anachokiweza peke yake amekwisha kukijua.

(d) Ahakikishe kwamba mtoto anaona na kusikia. Wako watoto waliohesabiwa kuwa wagumu wa kuelewa kumbe hawauoni ubao. Mwalimu akiwa na shaka, amshauri mzazi ampeleke mtoto hospitali kabla ya kuandika lengo lolote.

Jirani zetu wa Kenya walilitambua jambo hili mapema. Kuanzia mwaka 1984 walianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu katika wilaya zao, na mwaka 1986 wakaanzisha chuo chao cha taifa cha elimu maalumu. Hapa kwetu Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kimekuwa mlezi mkuu wa walimu wa fani hii. Lakini mwalimu wa kawaida asisubiri mtaalamu afike ndipo aanze. Kipimo cha dakika moja kwa kadi ya silabi hakihitaji stashahada nyingine.

3. Lengo lililo kamili

Mwaka 1962 Robert Mager wa Marekani alichapisha kitabu kilichokuja kutumiwa sana vyuoni, akieleza kwamba lengo la kufundishia lina sehemu tatu: tendo atakalolifanya mwanafunzi, masharti ambayo atalifanya chini yake, na kiwango kitakachoonyesha kwamba amefaulu. Kwa mtoto wa elimu maalumu tunaongeza sehemu ya nne, nayo ni muda.

Tuangalie malengo mawili:

Lengo la kwanza: "Mwanafunzi ataboresha usomaji wake."

Lengo la pili: "Kufikia mwisho wa wiki ya 12, mwanafunzi akipewa kadi yenye silabi 60 zilizochanganywa, atasoma kwa sauti silabi 32 kwa usahihi katika dakika moja."

Lengo la kwanza halina ubaya wa nia. Lina ubaya wa kutopimika. Walimu wawili wakimsikiliza mtoto yule yule, mmoja atasema ameboresha na mwingine atakataa, na wote wawili hawatakuwa na ushahidi. Lengo la pili halina mabishano. Tendo lipo: kusoma kwa sauti. Masharti yapo: kadi ya silabi zilizochanganywa. Kiwango kipo: silabi 32 sahihi katika dakika moja. Muda upo: wiki 12.

Mwanachuo ajihadhari na vitenzi kama "kuelewa", "kufahamu" na "kuthamini" katika malengo ya namna hii. Kufahamu hakuonekani kwa macho. Atumie vitenzi kama kusoma kwa sauti, kuonyesha, kutenga, kuandika, kulipa na kutaja. Tena, lengo lieleze tendo la mtoto, si la mwalimu. "Nitamfundisha silabi" ni ahadi ya mwalimu. Haisemi mtoto atapata nini.

4. Lengo liwe kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo penye uzito. Lengo dogo mno humdhulumu mtoto. Lengo kubwa mno humkatisha tamaa yeye na mwalimu wake. Wengi wetu huegemea upande wa kwanza kwa huruma. Tunasema mtoto huyu asisumbuliwe. Lakini huruma isiyomtaka mtoto ajifunze chochote ni kumfungia mlango kwa upole.

Ili kupata kiasi cha kufaa, mwalimu ajiulize maswali matatu. Kwanza, mtoto anahitaji nini ili hatua inayofuata iwezekane? Mtoto anayesoma silabi 8 kwa dakika husahau silabi ya kwanza ya neno kabla hajafika ya mwisho, hata asipate maana. Inambidi aongeze kasi ndipo maneno yamjie kamili. Pili, akifundishwa vizuri kila siku, huongeza kiasi gani kwa wiki? Mwalimu akiwa hana kumbukumbu yoyote, na aanze na makadirio ya wastani kisha ayasahihishe kwa kupima. Tatu, kuna vipindi vingapi halisi vya kufundisha kabla ya mwisho wa muhula, baada ya kuondoa sikukuu, mitihani na siku za mvua kubwa ambazo bonde la Msimbazi hufurika na watoto wasifike?

Kwa mtoto asiyeona au kiziwi ambaye hana ulemavu wa akili, swali hili lina jibu lililo wazi zaidi. Ulemavu wa macho si sababu ya kushusha lengo la hesabu au la historia. Kinachobadilika ni njia, yaani nukta nundu badala ya wino, na pengine muda wa kumaliza kazi. Kadhalika, mtoto kiziwi apimwe kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Akipimwa kwa maelezo ya mdomo asiyoyasikia, kinachopimwa ni masikio yake, si akili yake. Katika safu ya masharti ya lengo ndimo nyenzo hizi huandikwa: "akipewa kifungu kilichoandikwa kwa nukta nundu", "akiulizwa kwa lugha ya alama". Kiwango hubaki kile cha darasa.

5. Kufuatilia kila wiki

Mwaka 1977 Stanley Deno wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na Phyllis Mirkin, walitoa mwongozo uliowaonyesha walimu wa elimu maalumu namna ya kuutumia upimaji wa mara kwa mara ili kurekebisha ufundishaji. Wazo lao ni jepesi. Badala ya kungoja mtihani wa mwisho wa mwaka, mwalimu humpima mtoto kwa kipimo kifupi kinachofanana kila wiki, huweka nukta kwenye chati, na nukta hizo humwambia kama njia yake ya kufundisha inafaa.

Vifaa vinavyohitajika ni karatasi ya miraba kutoka daftari la hesabu, penseli, rula na saa yenye mshale wa sekunde. Mstari wa chini wa chati huonyesha wiki; mstari wa kusimama huonyesha idadi ya majibu sahihi. Mwalimu huweka nukta ya kipimo cha mwanzo, huweka nukta ya lengo kwenye wiki ya mwisho, kisha huziunganisha kwa rula. Huo ndio mstari wa lengo. Kila Ijumaa huongeza nukta ya wiki hiyo.

Kanuni ya kuamua ni hii: nukta 4 zikifuatana chini ya mstari wa lengo, mwalimu abadili namna ya kufundisha; nukta 4 zikifuatana juu ya mstari, apandishe lengo. Tafadhali mwanachuo aiangalie kanuni hii kwa makini. Nukta zikiwa chini, kinachobadilishwa kwanza ni mafundisho. Haisemwi kwamba lengo lishushwe.

6. Mfano wa kusoma

Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya somo hili. Binti wa miaka 11 mwenye ulemavu wa akili anasoma katika kitengo cha shule moja ya mjini. Katika siku 3 za kipimo cha mwanzo alisoma silabi 7, 10 na 8 kwa dakika. Alama ya katikati ni 8. Mwalimu anakadiria ongezeko la silabi 2 kwa wiki. Kwa wiki 12 ongezeko ni 24; kwa hiyo lengo ni 8 + 24 = 32.

Matokeo ya wiki 6 za kwanza yalikuwa 10, 12, 13, 13, 13 na 14. Mstari wa lengo ulitaka 10, 12, 14, 16, 18 na 20. Wiki mbili za mwanzo binti alikuwa juu ya mstari kabisa. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 6 nukta zote 4 zimeanguka chini.

Mwalimu mwenye haraka angesema: binti huyu anaongeza silabi moja tu kwa wiki, basi lengo liwe 20. Hesabu yake ingekuwa sahihi, lakini uamuzi wake ungekuwa mbaya. Mwalimu wa mfano wetu aliyachunguza makosa kwanza. Aliona kwamba darasani, watoto wote wanapoimba "ma me mi mo mu" mbele ya ubao, binti huyu haachwi nyuma hata kidogo. Lakini silabi hizo zikichanganywa kwenye kadi, huchanganya "ma" na "na", "ba" na "da". Ikadhihirika kwamba binti alikuwa amekariri wimbo, hakuwa akiyatazama maandishi. Kiitikio cha darasa kilikuwa kikimficha.

Hapo mwalimu alifanya mabadiliko matatu. Alipunguza silabi mpya za wiki hadi 4. Alimpa binti dakika 10 kila asubuhi za kusoma kadi zilizochanganywa pamoja na mwenzake aliyekwisha kuzijua. Na kila silabi aliifunga kwenye neno lenye kitu cha kushikwa au mtu wa kuonyeshwa: nazi, mama, bakuli, dada. Matokeo ya wiki ya 7 hadi ya 12 yakawa 17, 19, 22, 24, 26 na 29.

Binti hakulifikia lengo la 32. Je, ameshindwa? Tuangalie chati. Katika wiki 6 za mwanzo aliongeza silabi 6. Katika wiki 6 za mwisho aliongeza 15, yaani mbili na nusu kwa wiki, kasi iliyozidi ile iliyokadiriwa. Lengo halikuwa kubwa mno. Njia ya kwanza ndiyo iliyokuwa pungufu. Kama mwalimu angelishusha lengo hadi 20 katika wiki ya 6, binti angelifikia akiwa bado anaimba, na silabi 9 alizoziongeza juu ya hapo hakuna ambaye angezijua kuwa zilikuwa zinawezekana.

Ikumbukwe pia kwamba kasi ya silabi si kusoma kote. Mwalimu aliambatisha lengo dogo la pili: binti akisoma maneno 10 ya silabi mbili, aonyeshe picha au kitu sahihi kwa maneno 8. Kusoma kusikofika kwenye maana ni sauti tu.

7. Mfano wa kuhesabu

Mchikichini ni mtaa wa biashara. Katika soko la Karume nguo za mitumba hupangwa tangu alfajiri. Mama lishe wanapika. Watoto hutumwa chumvi, mkaa na maandazi. Mtoto asiyejua thamani ya sarafu katika mtaa kama huo ama hatumwi kabisa, ama hutumwa akapunjwa. Kutotumwa nako kuna madhara yake, kwa sababu mtoto anayetumwa ni mtoto anayehesabiwa kuwa mmoja wa nyumba.

Lengo la muda mrefu linaweza kuandikwa hivi: "Kufikia mwisho wa muhula, mwanafunzi akiwa na sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500, na akionyeshwa bei iliyoandikwa isiyozidi shilingi 1,000, atalipa kiasi kamili mara 4 kati ya 5, kwa siku 3 mfululizo."

Lengo hilo hukatwa vipande, kila kipande kikiwa lengo la muda mfupi:

(a) kutenga sarafu za aina moja moja;
(b) kutaja thamani ya kila sarafu anapoonyeshwa;
(c) kusoma bei iliyoandikwa kwa tarakimu;
(d) kutoa sarafu mbili za 100 badala ya moja ya 200, na kinyume chake;
(e) kuunganisha sarafu tofauti kufikia bei iliyotajwa;
(f) kutambua kama chenji inahitajika.

Mtoto akikwama kwenye (d), mwalimu hurudi kuangalia kama (b) ilikamilika kweli. Sarafu halisi zitumike, si za karatasi pekee, maana mkono hujifunza uzito na ukubwa. Kipimo cha mwisho kifanyike katika duka la darasa, kisha, mzazi akiridhia, katika genge lililo karibu na nyumbani. Stadi inayoonekana darasani tu bado haijakamilika.

8. Kumshirikisha mzazi

Lengo lililoandikwa bila mzazi lina mguu mmoja. Mzazi ndiye anayejua kwamba mtoto hutambua kanga za mama yake kwa rangi, au kwamba hukumbuka njia ya kwenda kwa shangazi. Hayo yote ni mwanzo wa kufundishia.

Wazazi wengi wa mitaa hii huondoka nyumbani kabla ya jua na kurudi usiku. Kuwaita saa nne asubuhi ni kuwataka wafunge riziki ya siku. Afadhali mwalimu apange saa wanayoiweza, au aende mwenyewe saa ambazo wateja wamepungua. Mwalimu kijana atangulize shikamoo na heshima, ajulie hali, aulize kabla ya kueleza. Asianze na orodha ya mambo ambayo mtoto hayawezi. Mzazi ameisikia orodha hiyo tangu mtoto alipozaliwa. Aonyeshe chati. Mzazi ambaye hakusoma sana huelewa mara moja nukta zinazopanda. Kisha wakubaliane jambo moja dogo la nyumbani, kama vile kutenga sarafu kila jioni kwa dakika 5.

Maisha ya soko hubadilika ghafla. Julai 2021 moto uliunguza jengo la Soko Kuu la Kariakoo, na Januari 2022 moto mwingine ukaliteketeza soko la Karume. Mambo ya namna hiyo yanaweza kuihamisha familia, na mtoto akahamia shule nyingine. Kwa sababu hiyo chati na malengo visibaki kichwani mwa mwalimu. Viwekwe katika jalada la mtoto, na nakala apewe mzazi, ili mwalimu mpya aanzie pale mwenzake alipoishia badala ya kuanza upya na "a e i o u".

9. Matatizo na namna ya kuyakabili

Mwanachuo atauliza: darasa lina watoto wengi, muda huo utapatikana wapi? Kipimo cha dakika moja kwa watoto 10 ni dakika 10, na nyingine chache za kuweka nukta. Kifanyike Ijumaa wakati wengine wanaandika. Ikiwa watoto ni wengi zaidi, nusu wapimwe wiki hii na nusu wiki ijayo.

Atauliza tena: malengo mangapi yamtoshe mtoto mmoja? Kwa kuanzia, mawili: moja la kusoma au kuandika, moja la kuhesabu. Malengo 10 yasiyopimwa hayafikii thamani ya mawili yanayopimwa.

Tatizo la tatu ni kishawishi cha kufundisha kadi yenyewe. Mtoto akisoma kadi ile ile kila wiki ataikariri. Silabi zibadilishwe mpangilio kila mara, lakini ugumu wake usibadilike.

Tatizo la nne ni kulinganisha. Chati ya mtoto isibandikwe ukutani karibu na za wenzake ili ashindanishwe. Mtoto hulinganishwa na alikotoka yeye mwenyewe na anakokwenda.

Hitimisho

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu wa elimu maalumu anaijua haba: silabi mbili kwa wiki, sarafu moja kwa siku. Anachopaswa kukumbuka ni kwamba methali hiyo inataja pia kibaba, yaani chombo cha kupimia kinachojulikana ukubwa wake. Pasipo kibaba, haba humwagika, na mwisho wa mwaka hakuna anayejua zilikuwa ngapi. Lengo lililo wazi, kipimo cha kila wiki na ujasiri wa kubadili mafundisho kabla ya kulishusha lengo ndivyo vitakavyolipa neno "anaendelea" maana yake.

Kazi kwa wanachuo

1. Badili malengo haya yawe kamili kwa kutaja tendo, masharti, kiwango na muda: (a) "Mwanafunzi ataelewa namba." (b) "Mwanafunzi atajua kuandika jina lake."

2. Mtoto alipata 5, 9 na 6 katika siku 3 za kipimo cha mwanzo. Mwalimu anatarajia ongezeko la 1.5 kwa wiki kwa wiki 10. Lengo litakuwa ngapi? Chora mstari wa lengo.

3. Katika chati hiyo, matokeo ya wiki 5 za kwanza ni 8, 8, 9, 9 na 10. Utafanya nini, na kwa sababu gani? Taja mambo mawili utakayoyachunguza kabla ya kuamua.

4. Chagua stadi moja inayotumika katika mtaa unaofanyia mazoezi ya kufundisha. Iandikie lengo la muhula na malengo madogo yasiyopungua manne.

5. Jadilianeni katika vikundi: "Kushusha lengo ni kumhurumia mtoto." Kila kikundi kitoe mfano wa kuunga mkono na wa kupinga, kisha kieleze ni ushahidi gani kingeutaka kabla ya kukubali upande mmoja.